Jiwe la Usalama

"Kama kule nchani mwa gati kuna hatari, mbona wanaokwenda wanarudi wamenenepa?"

Aliyeuliza ni Bi Nguchiro, mbele ya mkutano mzima. Simba, mwenyekiti, alipiga miayo. Sungura, katibu, aliinama kana kwamba ameona jambo la maana kwenye unyayo wake. Fisi, ambaye ndiye aliyekuwa amenenepa, alivuta tumbo ndani. Wengine wote wakaangalia bahari, na bahari nayo haikuwa na la kusema. Mkutano ukafungwa kwa shukrani. Bi Nguchiro akaenda nyumbani na swali lake.

Sasa tuanze pale mambo yalipoanzia.

Mwaka huo mvua iligoma. Nyika ilikauka mpaka nyasi zikawa zinavunjika mkononi, na mabwawa yakabaki matope yaliyopasuka. Wanyama wakateremka pwani mmoja mmoja, wakiona haya kidogo, maana wengi wao walikuwa na mazoea ya kusema samaki ananuka. Huko wakakuta gati la mawe. Binadamu walikuwa wamelijenga zamani, wakalitumia, wakalichoka, wakaliacha limetokeza baharini kama ulimi wa mtu anayemzomea mwenzake. Katika nyufa zake ilikuwa imenasa mishipi ya nailoni na ndoana walizopoteza wavuvi. Haikuchukua muda, hata Ngiri, ambaye hajawahi kufanya jambo lolote kwa utulivu, alikuwa anajua kutia chambo na kunyamaza.

Gati lile lilikuwa na tabia yake. Shinani, karibu na nchi kavu, maji ni ya magotini, na anayepatikana ni kibua, samaki wa kumdanganyia mtoto. Nchani, mawe yanapoishia, bahari inazama ghafla. Huko ndiko kwenye changu na kolekole, na tewa mwenye mdomo mpana kama mlango wa ghala. Kwa hiyo kila mmoja alitaka nchani, na kabla hawajang'oana macho wakapatana mambo mawili.

La kwanza, nafasi zinafuata maji. Waliovua nchani maji yakijaa, yakianza kupwa wanakunja mishipi na kurudi shinani, na wa shinani wanakwenda mbele. La pili waliliita mkono. Mtu akishika samaki mzito anaita "Mkono!" na wote wanaacha shughuli zao, wanakwenda kumvutia. Samaki akitoka, kila aliyeshika mshipi ana kipande chake, mkubwa kwa mdogo, hata kama alichoshika ni ncha tu kwa ukucha. Hakuna aliyeapishwa. Mambo yalikwenda kwa sababu kila mmoja aliyaona kwa macho yake na kuyala kwa mdomo wake.

Bi Nguchiro alikuwa bingwa wa chambo. Alichokonoa kaa nyufani, akawabamiza mwambani mpaka gamba lipasuke, akagawa kwa wote. Umbo hakuwa nalo. Ukimsimamisha kando ya Ngiri ungedhani ni mkia wa Ngiri umeanguka. Lakini mdomo alikuwa nao, na hakuwa anautunza kwa ajili ya sikukuu. Kwenye shimo lake, ukingoni mwa pwani, alikuwa na watoto wachanga, macho hawajafumbua, na walichokijua katika dunia hii ni chuchu ya mama yao. Akila samaki mwenye mafuta, walinyonya wakalala. Akila kibua, walinyonya wakalia.

Aliyechoshwa na utaratibu ule alikuwa Sungura. Si kwamba alikuwa anafanya kazi nyingi. Desturi yake ilikuwa kufika kwenye mshipi wakati samaki ameshatoa kichwa, akaugusa kidogo, akakohoa kwa uchovu, akasubiri kipande. Kilichomuudhi ni kwamba kipande chake kilikuwa sawa na cha Kanga. Yeye, mwenye akili zote zile, sawa na Kanga.

Basi akaenda kwa Simba. Simba hakuwa anavua, maana alisema maji ya chumvi yanaharibu manyoya. Alishinda kivulini chini ya jabali, akiletewa kitoweo cha heshima, na kazi yake kubwa ilikuwa kukipokea.

"Mheshimiwa," Sungura akasema, "sikutaka kukusumbua. Mawe ya nchani yanasogea."

"Yanasogea kwenda wapi?"

"Baharini, Mheshimiwa. Juzi moja lilicheza chini ya mguu wangu. Nikajisemea, hawa wanyonge wakizolewa na maji wakati Mheshimiwa yupo hapa, majirani watasema nini? Watasema Simba ana meno lakini hana macho."

Hilo la macho lilimwingia. Simba angeweza kuvumilia raia wake wazolewe na maji. Kusemwa na majirani, hapana. Akasimama, akanguruma amri mpaka ndege wakaruka: kuanzia siku hiyo hakuna kuvuka nusu ya gati isipokuwa kwa wenye mafunzo. Mpaka ukawekwa kwenye jiwe moja kubwa, jeupe kwa kinyesi cha ndege, na Sungura akalitangaza kwamba ndilo Jiwe la Usalama. Aliliita hivyo kwa heshima sana, akalishika na mkono, kisha akaenda kunawa.

Wenye mafunzo wakawa wawili. Sungura mwenyewe, na Fisi, kwa kuwa Sungura alihitaji mtu wa kuvuta. Bi Nguchiro akauliza Fisi alifunzwa na nani.

"Na mimi," akasema Sungura.

"Na wewe ulifunzwa na nani?"

"Bi Nguchiro, dada yangu, tusiingize mambo binafsi katika suala la maisha ya watu."

Watu wakatikisa vichwa, wakasema kweli, huyu mama naye anazidi. Mimi nasema kama kuna dawa ya kuwafunga watu midomo, basi ni hiyo: mwambie mtu unamnyang'anya kwa ajili ya usalama wake, atakushukuru na kukuombea.

Kwa hiyo wote wakabanana shinani. Maji yakijaa walipata vibua, yakipwa walipata matope. Sungura na Fisi walishinda nchani maji yakija na maji yakienda, na Bi Nguchiro, aliyekuwa akiwatazama kutoka mbali mshipi ukiwa umemlegea mkononi, ndipo akaona kitu ambacho wenzake hawakukiona. Kila mara Fisi alipokuwa anavuta samaki mzito, misuli ya shingo ikimsimama, hakuna aliyeita mkono. Usingeitwa, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kwenda. Na kama hakuna aliyekwenda, hakuna wa kupewa kipande. Shida haikuwa mawe. Shida ilikuwa vipande.

Akaenda kuuliza lile swali lake mkutanoni, akarudi nalo; kisha akamweleza Kanga. Kanga alikuwa mama mwema, mwenye woga wa kurithi. Zamani alipenda nchani kuliko wote, lakini tangu amri itoke alikuwa ameanza kuota mawe yakiporomoka, na asubuhi anasimulia ndoto zake kwa jirani kama habari alizoziona. Alimwambia Bi Nguchiro asiwatafutie balaa. Alisema kibua nacho ni samaki. Alisema mwenzetu una mdomo sana na ndiyo maana maziwa yanakukauka, mwili unaishia kwenye maneno.

Maziwa yalikuwa yanakauka kweli. Watoto walianza kunyonya bila kumeza, wakaachia, wakatafuta tena. Mdogo wao aliacha kulia, na mama yeyote anajua mtoto mchanga akiacha kulia kwa njaa si kwamba ameshiba.

Siku iliyofuata, jua likiwa utosini na kila mtu akiona, Bi Nguchiro akalipita Jiwe la Usalama. Hakunyata. Alitembea katikati ya gati, akikanyaga kila jiwe kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi, na hakuna jiwe lililotingishika. Akafika nchani, akatupa mshipi wake, na changu akashika pale pale. Alikuwa ameshamtoa nusu majini Fisi alipomdaka mkia.

Wakampeleka kwa Simba. Fisi alimbeba Bi Nguchiro kwa mkono mmoja na changu kwa mkono wa pili, lakini walipofika kivulini ushahidi ulikuwa umebaki mifupa. Sungura akahutubia kwa huzuni. Alisema inauma, inauma sana, mama wa watoto wachanga kucheza na maisha yake namna ile, na kwamba yeye binafsi angependa asamehewe, ila wakisamehe leo, kesho gati zima litajaa wafu. Simba akahukumu kwamba Bi Nguchiro asikanyage gati kabisa. Avulie mchangani mpaka atakapojirekebisha.

"Mchangani kuna samaki gani, Mheshimiwa?"

"Hayo uyajue wewe," akasema Simba. "Mimi ninahusika na ulinzi."

Mchangani hakuna samaki. Kuna mwani na povu, na vifuu vya nazi vilivyotupwa na maji. Bi Nguchiro alikula kaa wadogo wa mchangani, wale ambao unavunja jino kabla hujafika nyamani, na watoto wakazidi kuwa wepesi. Akiwanyanyua aliona kama ananyanyua manyoya matupu.

Kumbe huko nchani nako neema ilikuwa imeanza kuleta nuksi. Wezi wawili hawakuaminiana. Sungura akigeuka kuondoa fundo kwenye mshipi, Fisi alikuwa ameshameza kolekole na kulamba mwamba. Fisi akisinzia baada ya kushiba, Sungura alikuwa ameshaficha kichwa cha tewa mahali anapopajua yeye. Kila mmoja akamshutumu mwenzake kwa ukosefu wa maadili. Mwisho wakafikia suluhu, na suluhu yenyewe iliwafaa: watatumia mshipi mmoja tu, mnene kuliko yote, na huo mshipi watafungana nao viunoni. Baharini itakwenda ndoana, kisha mshipi umzunguke Sungura, kisha uendelee umzunguke Fisi. Namna hiyo hakuna atakayeondoka na samaki kimyakimya. Na ili mtu asijifungue mwenyewe, fundo likakaa mgongoni, mahali ambapo mwenyewe hafikii kwa mkono wala kwa jino. Sungura alimfunga Fisi, Fisi akamfunga Sungura, na kila mmoja akavuta fundo la mwenzake mara ya pili, kwa uhakika.

Hapo ndipo unaona akili nyingi zinavyoweza kumfikisha mtu. Kwenye pwani yote ile hakuna mvuvi, hata Ngiri, aliyethubutu kujifunga mshipi mwilini. Unaushika mkononi ili ukizidiwa uuachie. Lakini kuachia lilikuwa jambo ambalo wale wawili hawakulipangia.

Ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapopanda kuliko siku zote. Fisi alisisitiza watumie ndoana kubwa waliyoichomoa kwenye ufa, na chambo awe kibua mzima. Kumwacha kibua yule aende kulimuuma, akamnusa mara ya mwisho kabla hajatupwa. Wakakaa. Maji yakapanda. Kisha mshipi ukaanza kwenda.

Haukushtuka kama unavyoshtuka kwa kolekole. Ulikwenda polepole tu, kwa heshima, kama mwenye nyumba anayekwenda kufunga dirisha. Aliyeshika alikuwa taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, na taa mwenyewe alikuwa mpana kama paa la banda. Taa wa namna hiyo hashindani na mtu. Anakwenda zake. Sungura akainuka, akasogea hatua, akasogea nyingine, akajikuta ameketi, akajikuta anaburutwa kwa matako. Nyuma yake Fisi alikita miguu kwenye ufa, mshipi ukamkaza tumbo, macho yakamtoka.

"Kata," akasema Sungura. "Fisi, ndugu yangu, wewe una meno, yangu hayauwezi mshipi huu. Njoo ukate huku mbele yangu."

"Nikikata, samaki je?"

"Na mimi je?"

Fisi akafikiri. Hicho ndicho kilichomwogopesha Sungura kuliko bahari, kwamba jambo lenyewe lilikuwa linahitaji kufikiriwa.

"Ngoja kwanza," akasema Fisi. "Huenda atachoka."

Taa hakuchoka. Miguu ya Sungura ikafika ukingoni, na wimbi la kwanza likampiga kifuani. Ndipo akaita, kwa sauti ambayo gati halikuwa limeisikia tangu amri itoke: "Mkono! Mkono jamani!"

Shinani wote wakainuka. Ni kitu kilichokuwa kwenye miili yao, hata kabla ya kichwa kufahamu. Mishipi ikatupwa, Ngiri akatimka mbele, Kanga nyuma yake, wengine nyuma ya Kanga, wakakimbia mpaka kwenye Jiwe la Usalama. Pale wakasimama ghafla, wakagongana, wakakaa kwenye mstari kama waliochorewa. Kanga alisema yanaporomoka, si niliwaambia, niliota.

Bi Nguchiro alisikia kutoka mchangani. Alikuwa amekatazwa kukanyaga gati, akalikanyaga. Akapenya katikati ya miguu yao, akapanda juu ya Jiwe la Usalama, kinyesi na vyote, akakaa.

"Bi Nguchiro," akaita Sungura. "Dada yangu. Waambie waje."

"Leo nimekuwa dada tena?"

"Ulikuwa dada siku zote."

"Waje vipi, kaka? Huko si mawe yanasogea? Na hawa hawana mafunzo."

"Nawaruhusu."

"Wewe huna ruhusa ya kutoa. Amri ni ya Mheshimiwa. Wewe ulikuwa katibu tu, unakumbuka ulivyokuwa unatuambia?"

Simba alikuwa amefika, kwa mwendo wake, maana hakuwa anakimbia mbele za watu. Sungura akamwomba kwa majina yake yote. Alimwita jemedari, akamwita baba, akamwita kivuli cha wanyonge. Akaomba afute amri, neno moja tu.

Simba akatikisa manyoya yake. "Mimi nikishanguruma nimenguruma," akasema. "Simba halambi alichotema."

"Mheshimiwa anasema kweli," akadakia Bi Nguchiro, na wengine wakamshangaa, kwa kuwa hawakuwahi kumsikia akimuunga mkono mtu. "Neno la Simba halirudi. Ila naomba kuuliza. Kama kuna mtu alimletea Simba habari ya uongo, lile neno ni la Simba, au ni la mwongo, alilipitisha tu kwenye kinywa cha Simba?"

Simba akalitafakari hilo. Hakulipenda, lakini alipenda kuonekana anatafakari. "Hapo," akasema, "neno lingekuwa si langu."

Wote wakamgeukia Sungura. Mbele yake kulikuwa na taa na bahari. Nyuma yake kulikuwa na Simba, ambaye hajawahi kudanganywa hadharani. Wimbi likaja, likamfunika mpaka masikioni, likaondoka. Akatema maji.

"Yalisogea," akasema. "Yalisogea kweli, ila baadaye yakatulia."

"Yalitulia lini?" akauliza Bi Nguchiro.

"Siku si nyingi."

"Nilipopita mimi yalikuwa yametulia, au yalikuwa bado?"

"Yalikuwa... dada, maji haya."

"Nayaona. Nilipopita, nikakamatwa, nikahukumiwa, wanangu wakakosa maziwa. Yalikuwa yametulia au bado?"

Wimbi jingine. Safari hii masikio yenyewe yalizama, na yalipotokea yalikuwa yamelala kama majani ya mgomba baada ya upepo. Fisi kule nyuma akateleza kutoka kwenye ufa, akakita makucha kwenye ufa wa pili.

"Hayajawahi kusogea," akasema Sungura, taratibu. "Nilichezesha kijiwe kwa mguu. Kijiwe kidogo."

"Sema kwa sauti. Bi Kanga hajasikia."

"Hayajawahi kusogea! Nilidanganya!"

Wakamtazama Simba, nani ajuaye angefanya nini. Simba akasema kwa sauti ya mtu aliyekuwa anangoja tu nafasi: "Nilijua tangu mwanzo. Nilikuwa nampima."

Wakapiga makofi. Naapa walipiga makofi. Kanga alisema hata yeye hakuwahi kuamini, alikuwa anaota tu kwa heshima. Bi Nguchiro hakupiga makofi, lakini hakupoteza muda pia. Alishuka kwenye jiwe akakimbia mbele, na wote wakamfuata, Ngiri akivuma kama lori.

Wakashika mshipi. Ngiri na Fisi nyuma, wengine katikati, na Bi Nguchiro mbele kabisa, karibu na Sungura, mahali ambapo mawimbi yalimlowesha mpaka akaonekana mwembamba kama kamba yenyewe. Wangeweza kukata. Ngiri alisema wakate, waokoe mtu. Bi Nguchiro akasema mtu tutamwokoa, na chakula pia, vuteni. Wakavuta, wakapumzika, wakavuta. Taa akaja shingo upande. Akatokea juu ya maji, wakamburuta mpaka mwambani. Ngiri akamkanyaga mkia wenye mwiba, akaushikilia mpaka ukatulia, na ndilo jambo la kwanza alilowahi kulifanya taratibu bila kuagizwa.

Wakamkatakata pale pale nchani, juu ya mawe ambayo hayajawahi kwenda popote. Kila aliyeshika akapata kipande. Bi Nguchiro akapewa ini, maana wote walijua ananyonyesha, hata kama kulisema hawakulisema. Alikula mwenyewe, kwa pupa, mafuta yakimtiririka kidevuni, akakimbia shimoni. Mdogo alikuwa baridi. Akamweka chuchuni, akamsukuma kwa pua, akangoja. Alingoja muda ambao sitausimulia. Kisha mdogo akavuta, akameza, na baada ya kumeza akaanza kulia kwa hasira, sauti mbaya kama ya mlango mkavu, na mama yake hakuwahi kusikia kitu kizuri kama hicho.

Fisi alipata kipande sawa na Kanga. Alikitazama, akakigeuza, akalia machozi kabisa. Alisema ameibiwa. Alieleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye mshipi muda mrefu kuliko wote, na hilo lilikuwa kweli.

Mafundo, hakuna aliyeyafungua. Hawakukataa, walikuwa wanakula tu. Sungura akamwambia Fisi amfungue. Fisi akasema kwanza nionyeshe unapoficha vichwa vya tewa. Sungura akasema nifungue ndipo nikuonyeshe. Waliingia nyikani wakibishana, mmoja akivutia kushoto, mwenzake kulia, mshipi kati yao umekaza kama waya wa kuanikia nguo. Wapo waliowaona baada ya mvua kurudi, bado wamefungana, wamekonda, kila mmoja akieleza kwamba mwenzake ndiye tatizo.

Simba akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo nchani ni ruksa kwa wote, kwa hisani yake. Wakamshukuru kwa wimbo. Akangoja kitoweo chake cha heshima. Bi Nguchiro ndiye aliyekwenda kumwambia kwamba samaki kaisha kwa walioshika mshipi, na kwamba maji yakijaa tena, Mheshimiwa anakaribishwa. Simba aliyatazama makucha yake makavu kwa muda mrefu. Kesho yake alikuja, akashika ncha ya mshipi kwa makucha mawili, uso ameugeuzia pembeni.

Zamu zikarudi kufuata maji. Na hapa kuna jambo ambalo wasimulizi wengine huliruka, kwa sababu wanapenda Bi Nguchiro atoke safi. Siku alipokuwa nchani mara ya kwanza kwa haki yake, changu walikuwa wanashika kama wamealikwa. Mmoja anatoka, mwingine yuko. Maji yakaanza kupwa. Akayaona yanaacha mstari wa unyevu juu ya mwamba, akajifanya hajayaona. Akatupa mshipi tena. Nyuma yake Kanga alikuwa amesimama na watoto wake, anangoja. Bi Nguchiro akajiambia kwamba yeye ana wachanga, kwamba ndiye aliyelikomboa gati lote, kwamba Kanga mwenyewe alimsema vibaya. Zote zilikuwa sababu nzuri. Alijishtukia anaanza kuwaza kwamba pengine kwa Kanga, na miguu ile myembamba, mawe ya nchani yana utelezi kidogo.

Akakunja mshipi upesi, kama umemuunguza. Akampisha Kanga, akarudi shinani kwenye vibua, akinung'unika njia nzima.

Na wewe uliyekaa hapo mbele kabisa, tangu nianze sijakuona ukijongea. Wapo waliosimama nyuma yako. Tafadhali, sogea kidogo uwapishe.